Kama haigusani na kitu, tutaikamataje? Jibu kwa mwalimu wa Songea kuhusu maada ya giza

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari huko Songea: "Niliwaambia vijana wa kidato cha sita kwamba sehemu kubwa ya maada ulimwenguni ni maada ya giza, isiyotoa mwanga wala kuuzuia, na isiyogusana na kitu. Mmoja akasimama: 'Mwalimu, kama haigusani na kitu, wamejuaje kwamba ipo? Si wamekosea hesabu tu, wakaliita kosa lao giza?' Nilijibu nilivyoweza. Naomba unisaidie: imetengenezwa na nini, na inaingiliana vipi na vitu vingine?"

Mwalimu, kijana huyo usimnyamazishe. Alichouliza ndicho wanafizikia walichobishania kwa miaka kama arobaini kabla ya wengi wao kukubali. Na ana sababu ya kushuku, kwa sababu ile kauli ya kwamba maada ya giza "haigusani na kitu" hakuna aliyeithibitisha. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba inavuta. Mengine yote ni mipaka: tumepima, hatukuona, kwa hiyo tunasema kwamba kama mwingiliano upo, haujazidi kiasi fulani. Mipaka hiyo hailingani hata kidogo. Mmoja umebana kupita kiasi, mwingine umelegea mno, na swali la "imetengenezwa na nini" linakaa humo humo, maana kila chembe inayopendekezwa tunaitambua kwa namna inavyoingiliana na nyingine. Hatuna kitambulisho kingine cha chembe.

Tuanze na hesabu anayoishuku, kwa sababu inafanyika ubaoni. Dunia hulizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde. Neptuni, iliyo mbali mara 30 zaidi, huenda kilomita 5.4 tu. Gawanya 30 kwa kipeuo cha pili cha 30 utaona inakuja. Kasi hupungua kwa sababu karibu uzito wote umekaa katikati, ndani ya Jua. Galaksi nayo ina mwanga wake mwingi katikati, hivyo ungetarajia nyota na gesi za pembezoni ziende polepole vilevile. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda, na kasi haikushuka namna hiyo. Kadiri galaksi nyingine zilivyopimwa katika miaka ile, kwa mwanga na kwa mawimbi ya redio, jibu likawa lilelile: pembezoni mambo yanakwenda kasi kana kwamba uzito bado unaongezeka pale ambapo mwanga umeshakwisha. Kabla yao, mwaka 1933, Fritz Zwicky alikuwa ameona galaksi za fundo la Coma (fundo ni kundi kubwa la galaksi zilizoshikwa pamoja na mvutano) zikikimbia kiasi kwamba mvutano wa zile zinazoonekana usingeweza kuzishika pamoja. Aliandika kuhusu maada ya giza, na kwa miongo kadhaa wachache tu walishughulika naye.

Hapo kijana anaweza kusema: basi labda sheria ya mvutano ndiyo mbovu. Mordehai Milgrom alisema hivyo hasa mwaka 1983, akapendekeza kwamba sheria ya Newton hubadilika pale ambapo mchapuko ni mdogo mno. Wazo hilo si la kudharau. Kwa galaksi mojamoja linafanya kazi vizuri kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri. Linakwama likitoka nje ya galaksi.

Linakokwama kwanza, kuna historia inayopita pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa eksirei. Miongoni mwa iliyoyaona ni kwamba mafundo ya galaksi yanang'aa kwa eksirei, na mng'ao huo umetanda katika nafasi iliyo kati ya galaksi. Ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na uzito wake unazidi uzito wa nyota zote za fundo mara kadhaa. Hata ukiijumlisha, maada ya kawaida bado inakuwa kama sehemu moja kati ya sita au saba ya uzito unaohitajika, kwa hiyo pengo la Zwicky halikuzibwa. Lakini gesi hiyo ilikuja kuwa shahidi.

Yapo mafundo mawili yaliyogongana, kwa pamoja yanaitwa Fundo la Risasi, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 3. Galaksi zao zilipishana bila kudhurika, maana nafasi kati yake ni kubwa. Gesi haikuweza kupishana. Iligongana, ikapunguza mwendo, ikabaki katikati ikiwaka, na darubini ya eksirei ya Chandra ikaipiga picha. Douglas Clowe na wenzake wakapima uzito uko wapi kwa kuangalia namna mwanga wa galaksi za nyuma unavyopindwa ukipita hapo. Mwaka 2006 wakatoa majibu: sehemu kubwa ya uzito haiko penye gesi, iko upande huu na upande ule, pamoja na galaksi zilizopita. Kama ulimwengu ungekuwa na maada ya kawaida tu, na sheria ndiyo iliyobadilika, mvutano mkubwa ungetarajiwa penye gesi, kwa kuwa huko ndiko iliko maada nyingi ya kawaida.

Hoja ya pili ni kavu zaidi, ila kwangu ndiyo nzito kuliko zote, na nayo ni ya ubaoni. Mnururisho wa kale, yaani mwanga uliosalia tangu ulimwengu ukiwa mchanga, uliopimwa na setilaiti ya Planck unatuonyesha ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Tofauti za msongamano wa maada ya kawaida kati ya sehemu na sehemu zilikuwa ndogo mno, kama 1 kwa 100,000. Tangu hapo ulimwengu umetanuka mara 1,100 hivi, na mvutano hukuza tofauti hizo kwa kadiri hiyohiyo ya kutanuka. Zidisha. Maada ya kawaida pekee ingetufikisha leo kwenye tofauti ya kama asilimia 1. Hakuna galaksi, hakuna Jua, hakuna Songea. Ili tuwepo, ilihitajika maada nyingine iliyoanza kujikusanya mapema, wakati ile ya kawaida ingali inasukumwa huku na huku na mwanga uliojaa kila mahali. Maada hiyo nyingine ilibidi isisukumwe na mwanga. Vipimo hivyo vya Planck vinatoa hesabu: maada ya kawaida ni asilimia 5 hivi ya nishati yote ya ulimwengu, maada ya giza ni asilimia 26 hivi. Inayobaki ni nishati ya giza, na hiyo ni kesi nyingine.

Sasa tuje kwenye mwingiliano.

Kutosukumwa na mwanga maana yake haina chaji ya umeme, au kama inayo basi ni ndogo ajabu. Jambo hili peke yake linaeleza umbo la galaksi yetu. Gesi ya kawaida hupoteza nishati kwa kutoa mwanga, hupoa, huzama kuelekea katikati, na kwa kuwa inazunguka inaishia kuwa bapa. Maada ya giza haina namna ya kupoa. Imebaki imetanda pande zote za Njia Nyeupe, mbali kupita mpaka wa nyota tunazoziona. Na hapo tunaweza kuwaondoa wagombea kadhaa kwa mkupuo. Mavumbi, gesi baridi, sayari na nyota zilizozimika vyote ni maada ya kawaida, na kiasi cha maada ya kawaida kimeshabanwa mara mbili: na Planck, na kiasi cha deuteri (hidrojeni nzito) kilichopikwa katika dakika za kwanza za ulimwengu. Nutrino za kawaida hazina chaji na zipo tele, lakini ni nyepesi mno. Zingekuwa zinakimbia kasi kiasi cha kufuta galaksi ndogo kabla hazijaanza.

Je, inagongana yenyewe kwa yenyewe? Hapa ndipo vitabu vingi hupitia haraka. Fundo la Risasi linatuambia kwamba maada ya giza ya upande mmoja ilipita ndani ya ile ya upande wa pili bila kukwama. Mpaka unaotokana na hilo ni eneo la kugongana la takriban sentimita 1 ya mraba kwa kila gramu. Inasikika kidogo, ila igeuze iwe kwa chembe moja yenye uzito wa protoni: unapata eneo lisilo mbali na lile tunalolipima nutroni zinapogonga protoni. Kwa maneno mengine, chembe za giza zinaweza kuwa zinagongana zenyewe karibu kwa nguvu ya viini vya atomu, na mafundo ya galaksi yasitufichulie. David Spergel na Paul Steinhardt walipendekeza mwaka 2000 kwamba zinagongana kweli, ili kueleza kwa nini katikati ya baadhi ya galaksi ndogo maada ya giza haikurundikana kama kompyuta zilivyotabiri. Pengine milipuko ya nyota, inayosukuma gesi nje na ndani, inaeleza sehemu ya tatizo hilo. Mlango haujafungwa.

Kuhusu kuigusa maada yetu, mambo ni tofauti kabisa, na hapo inabidi niseme habari za mgombea aliyependwa kwa miaka mingi kuliko wote.

Wanafizikia huziita wimpi: chembe nzito, tuseme mara 10 hadi 1,000 ya protoni, zisizo na chaji, zinazoingiliana kwa nguvu hafifu ya nyuklia, ileile inayosababisha unururifu wa beta. Ulimwengu ulipokuwa wa moto, wimpi zilizaliwa na kuangamizana kwa wingi. Ulipotanuka na kupoa hazikuzaliwa tena. Halafu zikawa chache na mbalimbali kiasi kwamba hazikukutana ili ziangamizane, na zilizosalia zikabaki hadi leo. Kokotoa kiasi kilichosalia, ukitumia nguvu hiyo hafifu tuliyokwisha kuipima maabara, nacho kinaangukia karibu na kiasi cha maada ya giza kilichopo. Hakuna aliyekilazimisha. Unaweza kuelewa kwa nini kizazi kizima cha watafiti kilivutwa na hesabu hiyo.

Kama ni hivyo, zinapita darasani kwako sasa hivi. Jirani na Jua msongamano wa maada ya giza ni kama uzito wa protoni moja kwa kila sentimita 3 za ujazo. Chukua darasa la mita 8 kwa 7, kimo mita 3, na wimpi yenye uzito wa protoni 100: mnazo kama nusu milioni humo ndani wakati wowote, zikikatiza kwa mamia ya kilomita kwa sekunde. Jumla ya maada ya giza iliyomo ndani ya Dunia nzima kwa wakati mmoja haifiki kilo moja. Waulize vijana wako kwa nini basi inatawala galaksi. Jibu ni kwamba sehemu kubwa mno ya galaksi ni nafasi tupu, na maada ya giza imetanda katika nafasi hiyo yote, wakati ya kawaida imejibana kwenye nyota na gesi.

Ili kunasa mgongano wa wimpi na kiini cha atomu unahitaji kitu kizito, safi, kilichofichwa mbali na miali ya anga. Kwa hiyo watu wamekwenda chini ya ardhi. Mtambo wa LUX-ZEPLIN uko kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini, Marekani, karibu kilomita moja na nusu chini, ukiwa na tani 7 za zenoni ya kimiminika zinazosubiri kugongwa. Italia kuna XENONnT chini ya mlima wa Gran Sasso, China kuna PandaX-4T kule Jinping. Wimpi ikigonga kiini cha zenoni, kiini kinaruka kidogo, kinatoa mmweko na elektroni chache, na vipimo vinasoma vyote viwili.

Haijagonga. Mwaka 2024 timu ya LUX-ZEPLIN ilitangaza matokeo ya siku 280 za data. Kwa wimpi yenye uzito wa protoni 40 hivi, eneo la kugongana na protoni au nutroni haliwezi kuzidi sentimita za mraba zenye sufuri 47 baada ya nukta kabla ya kufika kwenye tarakimu 22. Eneo la protoni yenyewe lina sufuri 25. Sasa weka hilo kando ya mpaka ule wa yenyewe kwa yenyewe, Mwalimu. Huku imeruhusiwa kugongana karibu kama nutroni, huku imekatazwa mara trilioni nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kusema "haigusani na kitu" ni kuchanganya mambo mawili: kujificha kwetu tumekupima, upweke wake hatujaupima.

Lipo kundi moja linalosema limekwisha kuiona. DAMA/LIBRA, lililokuwa Gran Sasso likitumia fuwele za iodidi ya sodiamu, lilipima kwa miaka mingi mawimbi ya mimweko yanayopanda karibu na Juni na kushuka karibu na Desemba. Hivyo ndivyo ungetarajia, kwa sababu Juni mwendo wa Dunia unajumlishwa na mwendo wa Jua kupita kwenye maada ya giza. Lakini ANAIS huko Hispania na COSINE-100 huko Korea Kusini, zikitumia fuwele za aina hiyohiyo, hazikuyaona mawimbi hayo. Mimi nimeshaacha kulihesabu dai hilo.

Wimpi haijafa, ila imezeeka. Ile ya aina rahisi kabisa ilishaondolewa zamani, na mashine kubwa ya CERN haijazalisha yoyote. Mitambo ya zenoni nayo imeanza kufika mahali ambapo nutrino za Jua zinaigonga zenoni kwa namna inayofanana na wimpi. XENONnT na PandaX-4T zilitoa dalili za kwanza za hilo mwaka 2024. Kuanzia hapo kutofautisha ishara na ukungu kutakuwa kugumu. Njia nyingine ni kutafuta miali ya gama inayotoka pale wimpi zinapoangamizana angani, na darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zimekaa mahali pazuri, kwa kuwa katikati ya galaksi yetu hupita juu kabisa ya anga lao. Setilaiti ya Fermi imeona mng'ao wa ziada wa gama huko katikati. Huenda ni wimpi. Huenda pia ni maelfu ya pulsa ndogondogo (nyota za nutroni zinazozunguka kasi), na maelezo hayo ya pili yanahitaji vitu tunavyojua vipo.

Mgombea ninayempa nafasi zaidi leo alizaliwa kutokana na shida ya mbali kabisa na anga. Nutroni imejaa kwarki, chembe ndogo zaidi zenye chaji, na nadharia ya nguvu kali ya nyuklia inairuhusu iwe na upande chanya na upande hasi. Vipimo vinaonyesha haina, kwa usahihi wa kutisha. Mwaka 1977 Roberto Peccei na Helen Quinn walipata njia ya kulazimisha hali hiyo, na mwaka uliofuata Steven Weinberg na Frank Wilczek, kila mmoja kwa wakati wake, wakatambua kwamba njia hiyo inadai chembe mpya. Wilczek akaiita aksioni, jina aliloliokota kwenye sabuni ya kufulia. Ni nyepesi kupita maelezo. Kama uzito wake ni sehemu moja kati ya bilioni kumi hivi za uzito wa elektroni, basi kila sentimita ya ujazo hapo ulipo inazo trilioni kadhaa. Kwa wingi huo hazionekani tena kama risasi. Zinatenda kwa pamoja kama wimbi moja linalopwita.

Na wimbi hilo linaweza kusikilizwa. Mwaka 1983 Pierre Sikivie alionyesha kwamba ndani ya uga mkali wa sumaku aksioni hugeuka kuwa mwanga, kwa masafa yanayolingana na uzito wake. Mtambo wa ADMX katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kwa kweli ni redio: mkebe wa chuma uliopozwa karibu na sufuri kamili, ndani ya sumaku kubwa, unaobadilishiwa masafa hatua kwa hatua huku watu wakisikiliza kama kuna mlio dhaifu. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kati ya megahezi 645 na 680 hakuna aksioni ya aina wanayoitafuta. Ni ukanda mwembamba. Masafa yanayowezekana ni mengi mno, na kwa sababu hiyo kutoipata hadi sasa hakuniambii mengi, tofauti na kutoipata wimpi.

Waliobaki niwapitie upesi. Nutrino tasa, isiyosikia hata nguvu hafifu, ilipata umaarufu mwaka 2014 pale mstari wa eksirei wa kiloelektronivolti 3.5 ulipodaiwa kuonekana kwenye mafundo ya galaksi. Setilaiti ya Hitomi ya Japani ilipoliangalia fundo la Perseus haikuuona kwa ukubwa uliotarajiwa. Mashimo meusi ya kale, yaliyojikunja kabla hata ya nyota ya kwanza, ndiyo mgombea pekee asiyehitaji chembe mpya. Yangekuwa na uzito wa nyota, yangekuza kwa muda mwanga wa nyota za Wingu Kubwa la Magellan, lile doa hafifu mnaloweza kuliona kusini usiku wa Desemba au Januari mkiwa mbali na taa za mji. Watafiti wamezitazama nyota zake kwa miongo, na matukio ni machache mno. Limebaki dirisha moja: mashimo yenye uzito wa asteroidi, madogo mno kwa njia hiyo kuyanasa.

Halafu kuna uwezekano ambao maabara hazipendi kuuzungumza, kwamba inavuta tu na hakuna kingine. Hata hapo hatutakuwa vipofu kabisa. Nadharia za chembe nzito na baridi zinatabiri mabonge madogo sana ya maada ya giza, yasiyo na nyota hata moja, yakizurura ndani ya Njia Nyeupe. Chembe nyepesi na za kasi kiasi, kama nutrino tasa, haziwezi kujikusanya kwa udogo huo. Bonge likipita kwenye kijito chembamba cha nyota, yaani msururu mrefu wa nyota zinazosafiri pamoja, linaacha pengo, na darubini ya Vera C. Rubin huko Chile, iliyoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, itapiga picha vijito hivyo kwa miaka kumi. Mapengo yakionekana kwa wingi, nutrino tasa itaondoka mezani na mimi nitaendelea kuiwekea aksioni dau langu. Yasipoonekana pale yanapotakiwa kuwepo, wimpi na aksioni ya kawaida zote zitakuwa na kesi ya kujibu.